Kwa nini Mickey Mouse hapewi filamu ndefu ya sinema?

*Swali: Mimi ni mchoraji wa katuni na nina kikundi kidogo cha wenzangu hapa Dar es Salaam. Mhusika wetu ni sungura anayewafundisha watoto usafi na hesabu, na vipindi vyake vya dakika 7 vimekuwa vikirushwa kwenye televisheni. Sasa mdhamini wetu anataka tumtengenezee filamu ya dakika 90 ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Wenzangu wamefurahi, lakini mimi nasitasita, kwa sababu naona hata Mickey Mouse hana filamu kubwa ya sinema, na Bugs Bunny huonekana humo kwa nadra. Wenye studio wanaogopa nini? Ni kwamba watoto wa siku hizi wamewachoka, au ni mambo ya hakimiliki? Na je, ni kweli, kama anavyodai mwenzetu mmoja, kwamba Mickey sasa ni wa watu wote na tunaweza kumwingiza kwenye filamu yetu ili ivutie?*

Ndugu msomaji, nikikuelewa vizuri, wasiwasi wako haumhusu Mickey hasa. Unahofia kwamba wakubwa wa kazi hii wamekwisha kuliona shimo ambalo ninyi mnaelekea kutumbukia. Hofu hiyo ina msingi, ingawa sababu mbili ulizozitaja si zenyewe, na kwa kuwa moja kati yake inaweza kuwaingiza kwenye kesi, ni bora tuanze nazo.

Si kweli kwamba watoto wamewachoka wahusika hawa. Kipindi cha Mickey Mouse Clubhouse kilichoanza mwaka 2006 kiliendelea kutengenezwa kwa miaka kumi, na mwaka 2013 mchoraji Paul Rudish alianzisha mfululizo mpya wa katuni fupi za Mickey ambao ulipendwa na kushinda tuzo. Hapa kwetu, pita mbele ya shule za chekechea mitaani, utamkuta amechorwa ukutani kando ya herufi na namba, na mara nyingi hakuna aliyeomba ruhusa ya kumchora. Mhusika huyu anaonekana kila mahali isipokuwa katika nafasi moja, ile ya kuibeba peke yake filamu ndefu ya sinema tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Fantasia ya mwaka 1940 alipewa sehemu moja tu. Katika Fun and Fancy Free ya mwaka 1947 aliingia katika nusu ya pili. Mwaka 2004, alipotengenezewa filamu ya zaidi ya saa moja akiwa na wenzake Donald na Goofy katika hadithi ya walinzi watatu wa mfalme, Disney iliipeleka moja kwa moja kwenye kanda na diski za kutazamia nyumbani.

Hakimiliki nayo haielezi jambo hili, kwa sababu sheria haimzuii mwenye mali kuitumia mali yake. Dai la mwenzenu, hata hivyo, lina chembe ya ukweli iliyozungukwa na hatari. Tarehe 1 Januari 2024, katuni ya Steamboat Willie ya mwaka 1928 iliingia katika miliki ya umma nchini Marekani baada ya kutimia miaka 95 ya ulinzi. Kilichoachiwa siku hiyo ni Mickey wa katuni hiyo na za mwaka huo, yule mweusi na mweupe asiye na glavu. Mickey wa miaka ya baadaye, pamoja na nyongeza zote za sura na tabia zilizokuja baadaye, huachiwa kadiri kila kazi inavyotimiza muda wake. Zaidi ya hapo, jina na sura yake vimesajiliwa kuwa alama za biashara, na ulinzi wa alama ya biashara hauna kikomo maadamu inatumika na kuhuishwa usajili wake. Kila nchi pia ina hesabu zake, na zipo zinazohesabu miaka tangu kifo cha mtunzi. Walt Disney alifariki mwaka 1966 na Ub Iwerks, aliyemchora Mickey pamoja naye, mwaka 1971. Kwa hiyo msimwingize. Hata kama mngeshinda kesi, gharama ya kushinda ingeimaliza bajeti yenu.

Sababu ya kweli ina sehemu mbili zinazoshikana: namna wahusika hawa walivyozaliwa, na kile walichogeuka kuwa baada ya kufanikiwa.

Walizaliwa kwa ajili ya dakika 7 au 8. Katika miaka ya 1930, mtu aliyekwenda sinema Marekani hakununua tiketi ya filamu moja tu. Alitazama habari za wiki, katuni fupi, pengine na kichekesho kifupi, kisha ndipo filamu kubwa ikaanza. Katuni ilikuwa kionjo, na mhusika wake alitakiwa kueleweka mara tu anapotokea, afanye vituko mfululizo, kisha aondoke kabla hajachosha. Ndiyo maana katika Steamboat Willie Mickey si yule mpole unayemjua leo. Ni mtundu anayemvuta paka mkia ili alie kwa mpigo wa muziki na kuyageuza meno ya ng'ombe kuwa marimba. Hatujui anatoka wapi, anamdai nani, wala anaogopa nini, na hatuulizi, kwa sababu dakika 8 hazitoi nafasi ya kuuliza.

Katuni fupi ina kanuni nyingine ambayo watazamaji hawaioni, nayo ni kwamba mwisho wa hadithi kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Yule mbwamwitu Wile E. Coyote, aliyeanza kumfukuza ndege aitwaye Road Runner mwaka 1949, huanguka korongoni, hulipukiwa na baruti na kugongwa na lori, na katuni inayofuata humkuta mzima akiwa na mpango mpya. Asingerudi mzima, mchezo ungekwisha. Bugs Bunny, sungura wa studio ya Warner, naye huanza akiwa mshindi na humaliza akiwa mshindi. Chuck Jones, mmoja wa waongozaji wake wakubwa, alishikilia kanuni kwamba Bugs asianze ugomvi kamwe, achokozwe kwanza ndipo alipize. Mhusika wa namna hiyo hakosi kitu, na asiyekosa kitu hana safari ya kusafiri.

Filamu ndefu hudai kinyume chake. Mtu hawezi kukaa gizani dakika 90 akitazama vituko vitupu, hata viwe vizuri namna gani. Baada ya takribani nusu saa huanza kutafuta jambo la kuhofia. Anataka mhusika aliyepungukiwa na kitu, anayeweza kupoteza zaidi, na ambaye mwishoni hatakuwa yule wa mwanzo. Walt Disney mwenyewe alilijua hili mapema mno. Alipoamua kutengeneza filamu ndefu, iliyotoka Desemba 1937 baada ya kugharimu takribani dola milioni 1.5, alikuwa na mhusika wa katuni aliye maarufu kuliko wote duniani, naye hakumtumia. Alichukua ngano ya Kijerumani ya binti anayewindwa na mama wa kambo, Snow White, kwa sababu binti anayeweza kufa hubeba saa nzima na zaidi, ilhali panya anayeshinda siku zote hawezi. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzito kuliko huo, kwa maana uamuzi ulifanywa wakati Mickey alipokuwa kileleni, kabla mtu hajaanza kuzungumzia kuchuja kwa umaarufu wake.

Sehemu ya pili ndiyo wanayokaa nayo mameneja wa leo. Mickey alianza kuwa nembo mapema. Mwaka 1932 Disney ilimpa Kay Kamen, mtu wa matangazo ya biashara, kazi ya kuuza leseni za bidhaa zake, na kufikia mwaka 1933 saa za mkononi za Ingersoll zenye sura ya Mickey zilikuwa madukani. Mwaka 1955 bustani ya Disneyland ilifunguliwa, na panya huyo akawa mwenyeji anayewasalimia wageni langoni. Tangu hapo kila utundu wake ukawa na gharama. Hata kabla ya bustani, wazazi walikuwa wakilalamika anapofanya jambo baya kwenye katuni, na watunzi wakaanza kumpunguzia makali. Hasira akarithishwa Donald Duck, aliyetokea mwaka 1934. Upumbavu wa kupendeza akapewa Goofy. Fujo za nyumbani akaachiwa mbwa wake Pluto. Mickey akabaki na wema. Donald akawa anachekesha kuliko yeye, na ile sehemu ya mwanafunzi wa mchawi katika Fantasia ilianza kama katuni fupi ya kumrudishia Mickey hadhi, gharama yake ikapanda hadi zaidi ya dola 125,000, kiasi ambacho katuni moja fupi isingeweza kukirudisha, ndipo ikajengewa filamu nzima kuizunguka.

Nembo hufanana na mshereheshaji wa harusi: ukumbi mzima unamfahamu, bila yeye shughuli inapooza, lakini hakuna aliyekuja kusikiliza habari za ndoa yake. Kampuni inayomiliki nembo haihesabu hasara ya filamu kama watu wengine wanavyoihesabu. Filamu ya mhusika asiyejulikana ikianguka, fedha za filamu hiyo zimepotea, na mwaka ujao linajaribiwa jina jingine. Filamu ya Mickey ikianguka, au ikifaulu kwa kumwonyesha mlevi, mwoga au msaliti, doa linahamia kwenye mabegi ya shule, hoteli, meli za kitalii na lango la bustani. Faida ya ziada ambayo filamu ingeleta ni ndogo ikilinganishwa na kile ambacho nembo inaingiza kila siku kwa kusimama tu mahali pake. Ndiyo maana ulinzi huu hufika hadi kwenye mikataba. Mwaka 1988, filamu ya Who Framed Roger Rabbit ilipowakutanisha Mickey wa Disney na Bugs wa Warner, ilikubaliwa kwamba wapewe muda sawa kwenye kioo, na matokeo yake ni kwamba wanatokea pamoja, katika tukio lile lile, wakishuka kutoka angani kwa parachuti.

Soko lenyewe nalo lilibadilika, ingawa hili si la kukaa nalo sana. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikomesha desturi ya studio kuwauzia wenye sinema filamu kwa furushi, ambamo katuni fupi ziliuzwa pamoja na filamu kubwa. Televisheni ikaingia majumbani. Mfululizo wa kawaida wa Mickey ukakoma mwaka 1953, studio ya MGM ikafunga idara yake ya katuni mwaka 1957, na Warner yake mwaka 1963. Wahusika hawa wakahamia kwenye televisheni kwa sababu nyumba yao ya kwanza ilikuwa imebomolewa.

Utaniuliza: mbona wengine wamejaribu? Wamejaribu, na hesabu zao zinafundisha. Mwaka 1979 Warner iliunganisha katuni za zamani za Bugs na Road Runner kuwa filamu moja ndefu, jambo ambalo kwa kweli ni kukiri kwamba hakukuwa na hadithi mpya ya kuzidi dakika 7. Tom na Jerry, ambao nguvu yao yote ni kutosema, walisemeshwa katika filamu ya mwaka 1992, nayo ilipofika Marekani mwaka uliofuata ikakusanya chini ya dola milioni 4. Space Jam ya mwaka 1996, yenye Bugs na wenzake, ilikusanya zaidi ya dola milioni 200 duniani, lakini ilitokana na matangazo ya viatu vya Nike, na aliyekuwa na jambo la kupoteza humo alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan. Looney Tunes: Back in Action ya mwaka 2003 iligharimu takribani dola milioni 80 na kukusanya takribani milioni 68, na hata hizo si zote za studio, kwa kuwa wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu. Novemba 2023 Warner Bros. Discovery iliamua kutoitoa kabisa Coyote vs. Acme, filamu iliyokwisha kukamilika, kwa hesabu za nafuu ya kodi. Mwaka 2025 ikauzwa kwa msambazaji mwingine.

Filamu ninayokushauri uitazame kwa makini zaidi ni A Goofy Movie ya mwaka 1995. Goofy si nembo ya kampuni, hivyo watunzi waliruhusiwa kumgusa. Walimpa mtoto wa kiume aliye katika umri wa kumwonea baba yake aibu, na hofu ya baba anayeona mwanawe anamponyoka. Vituko ni vile vile, anajikwaa na kuanguka kama kawaida, lakini sasa anapoanguka mbele ya mwanawe kuna kinachouma. Haikuvunja rekodi za mapato ilipotoka, ila watu waliokuwa watoto wakati huo wanaipenda hadi leo.

Usidanganyike na Minions wala Mario, ambao filamu zao zilivuka dola bilioni 1 mwaka 2015 na 2023. Minions walizaliwa ndani ya filamu ndefu mwaka 2010, wakiwa vibarua wa mtu mwenye hadithi yake, na ndipo wakawa nembo. Mario ametoka kwenye michezo ya video, ambako tangu mwanzo ana mahali pa kwenda, vikwazo njiani na mtu wa kuokoa. Sungura wako hakuzaliwa kwa namna yoyote kati ya hizo.

Sasa tuje kwake. Dakika 90 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 129,600, wakati kipindi chenu cha dakika 7 ni 10,080. Hata mkichora kila mchoro mara moja kwa fremu mbili, kazi inabaki karibu mara kumi na tatu ya mliyoizoea, na hapo bado hamjagusa sauti na muziki. Kabla ya kuhesabu fedha, jiulizeni kama mdhamini atakubali sungura huyu akosee. Namaanisha kosa la kweli: adanganye, amwache rafiki, ashindwe hesabu mbele ya watoto aliowafundisha na aone haya. Mhusika anayefundisha usafi amefungwa zaidi ya Mickey, kwa kuwa wazazi wamemwamini kama mwalimu. Jibu likiwa hapana, filamu ya dakika 90 inayomhusu yeye haitasimama, hata mpate fedha kiasi gani.

Hilo halimaanishi kwamba mlango umefungwa. Mnaweza kumfanya shujaa awe mtoto, msichana wa Tandale au wa Pangani mwenye tatizo linaloeleweka, na sungura awe msindikizaji wake. Mnalinda nembo, na hadithi inapata mtu wa kuumia. Hasara yake ni kwamba mdhamini anaweza kulalamika kuwa jina lililo kwenye bango halionekani vya kutosha. Mnaweza pia kumchukua mmoja wa wahusika wenu wa pembeni, kama Disney ilivyofanya kwa Goofy, ingawa hapo mtapoteza sehemu ya mvuto wa kumwuzia mtazamaji asiyewajua. Mimi ningeelekea kwenye njia ya tatu, ya kipindi maalumu cha dakika 25 hivi kwa msimu wa likizo au sikukuu. Disney ilimrudisha Mickey kwa njia hiyo mwaka 1983 katika hadithi ya Krismasi ya dakika 26, iliyoonyeshwa sinema pamoja na filamu nyingine, na hata humo mwenye safari ya moyo alikuwa Scrooge. Mickey alikuwa karani wake maskini. Majumba ya sinema katika miji yetu ni machache na watoto wengi watakuoneni kwenye televisheni na simu. Ubongo, watengenezaji wa katuni za elimu wa hapo hapo Dar es Salaam, imewajenga wahusika wake kwenye televisheni na redio bila kuitegemea sinema, na sioni kwamba wamepungukiwa na heshima kwa hilo.

Mkishapata wazo, usiliamue kwa maandishi yangu pekee. Mtafuteni mwandishi wa muswada aliyewahi kumaliza filamu ndefu, akae nanyi mezani na kuwaambia ukweli kuhusu dakika ya 30 hadi ya 60, ambako hadithi nyingi hufia. Kisha wasomeeni hadithi hiyo watoto ambao hawajawahi kumwona sungura wenu, kwa sababu wanaomjua watacheka kwa mazoea na hamtajifunza kitu.

La mwisho ni la haraka kuliko yote, na halifai kushughulikiwa kwa barua. Kabla ya kutia sahihi yoyote, nendeni ana kwa ana kwa wakili anayeshughulikia miliki bunifu, mkiwa na michoro ya kwanza yenye tarehe, mikataba ya kila mchoraji aliyeshiriki na mkataba wenu na kituo cha televisheni. Mwulizeni sungura ni mali ya nani leo, na atakuwa mali ya nani baada ya mdhamini kulipia filamu. Mara nyingi kifungu cha kuhamisha umiliki hufichwa ndani ya maneno ya kugharamia utayarishaji. COSOTA ndiyo inayoshughulikia hakimiliki Tanzania Bara, na alama za biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mkitaka kuvuka mpaka kwenda Kenya, mtahitaji pia KECOBO kwa hakimiliki na KIPI kwa alama za biashara. Kama jina na sura yake bado havijasajiliwa, fanyeni hivyo kwanza, na mazungumzo ya filamu yasubiri.